Safari ya tanga na marafiki, Lamu hadi Kiwayu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kundi la marafiki wanaotaka kukodi mashua au jahazi Lamu, wapite Manda, Pate na Ndau mpaka Kiwayu, walale njiani, kisha warudi kwa tanga. Maswali ya upepo na maji nimeyajibu kwa urefu, kwa sababu hayo ndiyo huamua safari itakuwaje. Mengine yanatosha maneno machache. Jambo moja utaliona likijirudia: msijifunge na tarehe. Kundi lenye siku moja ya kungojea husafiri salama kuliko kundi lenye chombo kikubwa na tiketi ya ndege ya kesho.

Twende mwezi gani?

Kama mna hiari ya kuchagua, nendeni kati ya Disemba na Machi, wakati wa kaskazi. Upepo hutoka kaskazini mashariki, mvua ni chache, bahari ya nje hutulia kuliko wakati wa kusi, na maji huwa safi kiasi cha nahodha kuuona mwamba kabla hajaufikia. Joto ni kali, hilo mlijue. Mwezi wa Januari kaskazi huweza kuvuma kwa nguvu alasiri, lakini huvuma kwa utaratibu: ukilala nayo utaamka nayo.

Kusi huanza Aprili pamoja na masika. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Lamu, na Juni na Julai upepo wa kusini hushika nguvu zake zote. Majahazi ya Omani na Ghuba yaliyokuja pwani yetu na kaskazi yalikuwa yakiondoka mapema kusi inapoanza, au yakingoja Agosti na Septemba inapolegea. Hapo katikati manahodha waliojali roho za watu hawakutoka. Sioni sababu ya watu walio mapumzikoni kufanya jambo ambalo mabaharia wale walilikataa.

Baina ya misimu hiyo miwili, mnamo Oktoba na Novemba, na tena karibu na mwisho wa Machi, kuna maleleji. Upepo hauna mwenyewe: asubuhi unatoka bara, adhuhuri ni matlai, yaani wa mashariki, jioni umekata kabisa. Mimi naipenda miezi hii kuliko yote, kwa utulivu wake na kwa jinsi inavyomfundisha mtu kutazama anga. Ila Oktoba na Novemba ni wakati wa vuli pia, na wingu moja la mvua linaweza kubadilisha kila kitu kwa dakika chache. Aendaye wakati huo aende na nahodha mzoefu.

Kusi si itatusukuma moja kwa moja hadi Kiwayu? Ubaya wake nini?

Itawasukuma kwenda. Kiwayu iko kaskazini mashariki ya Lamu, karibu kilomita 50. Mkiwa na kusi tezini, yaani nyuma ya chombo, tanga linajaa, chombo kinateleza, kundi zima linaimba, na jioni mmefika. Shida ni kesho yake. Njia ya kurudi imekuwa ya upepo wa omo, yaani wa mbele, na jahazi si chombo cha kwenda joshi kali, kuuelekea upepo. Mtabisha dhidi ya upepo kutwa nzima, huku na huku, mkilowa, na jua likichwa mnauona mnazi uleule mlioupita asubuhi. Chakula kilichohesabiwa kwa siku nne kinaanza kuliwa siku ya tano, na mwenye kazi Jumatatu anaanza kumsukuma nahodha atoke hata kama bahari imechafuka. Ajali nyingi huanzia hapo, kwenye ile haraka ya kurudi.

Kwa kaskazi mambo ni kinyume. Ugumu mnaumaliza mwanzo, mkiwa na nguvu na hamu, na kurudi ni raha tupu. Kama lazima mwende wakati wa kusi, fanyeni safari fupi ya Manda na Pate, piteni njia ya ndani, na kubalini tangu mwanzo kwamba kurudi huenda kukawa kwa injini.

Tutenge siku ngapi?

Kiwayu na kurudi, siku nne za safari na moja ya akiba. Pate peke yake, siku mbili na moja ya akiba. Siku ya akiba si ya kupunguziwa bei. Ilipieni kama siku nyingine, ili nahodha asiwe na sababu ya kuionea haya.

Kwa nini nahodha hataji saa ya kuondoka mpaka ahesabu mwezi?

Kwa sababu ya Mkanda. Mkanda ni mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, na ndiyo njia ya ndani ya kutoka Lamu kwenda Pate. Maji yakijaa, mashua yenye abiria hupita bila wasiwasi. Yakipwa, sehemu yake inakuwa tope na mchanga.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Wakati wa maji mafu, mnamo mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, hushuka hadi mita moja na kidogo. Na kuna utaratibu ambao kila mvuvi anaujua: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na nusu, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne na nusu. Kwa hiyo ukitaka kuondoka Lamu saa tatu asubuhi siku ya mwezi mpevu, umechagua saa mbaya kabisa: maji yanakimbia kutoka, na Mkanda unakauka mbele yako.

Sasa hesabu mwenyewe. Siku tatu au nne baada ya bamvua, yaani mwezi nne, tano, kumi na nane au kumi na tisa, maji hujaa mnamo saa moja hadi saa mbili asubuhi, na bado ni maji mengi. Hizo ndizo siku ninazowashauri marafiki waanzie safari. Mnaondoka kungali na ubaridi, kabla upepo wa mchana haujakaza, na mnapita Mkanda maji yakiwa bado yanapanda. Hilo la mwisho ni muhimu. Ukikwama maji yakiwa yanajaa, utangoja kidogo yakuinue. Ukikwama yanapopwa, utakaa hapo na mbu wa mikoko mpaka yajae tena.

Lamu imelijua somo hili kwa damu. Katika Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu, na simulizi za mji zinasema kwamba walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga.

Tukiyakosa maji ya Mkanda, hatuwezi kuzunguka Manda kwa nje?

Mnaweza, kama bahari inaruhusu. Njia ya nje hupita Shela, mkatoka mlangoni, kisha mkafuata upande wa bahari kuu wa Manda, mwamba ukiwa kushoto kwenu. Siku tulivu ya kaskazi ni safari ya kupendeza. Siku ya kusi ni mawimbi ya bahari kuu yanayowasukuma kuelekea mwambani, na injini ikizimika hakuna pa kukimbilia. Kama swali hili linaulizwa kwa sababu tu watu walichelewa kunywa chai, jibu langu ni kungoja maji.

Mbona mlango wa Shela huchafuka hata siku ambayo upepo si mkali?

Ni kwa sababu ya upepo kukutana na mkondo. Maji yanapopwa, yale yote yaliyoingia kwenye mikono ya bahari nyuma ya Lamu na Manda hutoka kwa kasi kupitia mlango ule. Kusi nayo inavuma kutoka nje kuingia ndani. Vikikutana, mawimbi hufupika na kusimama wima, na chombo kidogo hupigwa omo kwa omo bila kupata nafasi ya kupumua. Upepo uleule, maji yakiwa yanajaa, hauna ukali huo, kwa kuwa vyote viwili vinakwenda upande mmoja. Ndiyo maana nahodha anaweza kukataa kutoka saa tano akakubali saa nane, ingawa kwa macho ya abiria anga halijabadilika.

Programu ya hali ya hewa kwenye simu haitoshi?

Inasaidia sana kwa jambo kubwa: upepo unatoka wapi kwa siku mbili tatu zijazo, na una nguvu gani. Someni noti, msitazame picha ya jua au wingu. Noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Kwa mashua ya kawaida, noti 10 hadi 15 ni upepo wa furaha. Ikifika 20, mabaharia wana kazi na abiria wanalowa. Ikipita 25, mimi nabaki nchi kavu, na ninaowathamini nawaomba wabaki. Hata bila simu bahari inakuambia: mapovu meupe yakiwa yametapakaa kila unapotazama, upepo umeshafika noti 17 na kuendelea.

Someni pia utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, hasa ukitolewa kwa jina la tahadhari. Vimbunga vya Bahari ya Hindi ni nadra kufika kwetu kwa kuwa Lamu iko karibu mno na ikweta, digrii mbili tu kusini yake. Hata hivyo athari zake hufika. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, Idara ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya Kenya pia. Siku kama hizo hakuna mjadala wa kutoka au kutotoka.

Simu isichokijua ni lile wingu moja lililo juu ya Ndau saa hii. Hilo analijua aliye baharini.

Tutajuaje kuwa hali inageuka tukiwa majini?

Tazameni upande unakotoka upepo, na tazameni maji kuliko mbingu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni upepo kukata ghafla pasipo sababu. Ya pili ni ubaridi usoni, kama mlango wa ghala umefunguliwa. Ya tatu ni mstari mweusi juu ya maji unaowajia. Huo ni upepo wenyewe ukiikwaruza bahari. Ukiuona mstari huo na nyuma yake pazia la mvua linaloficha kisiwa mlichokuwa mkikiona, muda uliobaki ni wa dakika, si wa saa.

Novemba moja tulikuwa kati ya Manda Toto na Pate, tanga limelegea, watu wanalala. Nahodha akasimama, akatazama bara, akaamuru foromali, ule mti unaobeba tanga, literemshwe. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa kikoi. Rafiki yetu mmoja akalalamika kuwa tunapoteza wakati. Mabaharia hawakumjibu, walilegeza henza, ile kamba ya kupandishia tanga, wakalikusanya tanga na kulifunga. Dhoruba ilipofika tulikuwa na mlingoti mtupu, na hata hivyo chombo kiliinama. Mvua ilipiga kiasi cha kutoiona omo ukiwa tezini. Ilipita upesi, kisha upepo ukarudi kutoka upande mwingine kabisa, mwanana, na tukatweka tena tukaenda Mtangawanda. Lau tanga lingekuwa juu, lingepigwa kwa nyuma likashikana na mlingoti, na tanga la jahazi likishashikana na mlingoti halishuki kwa urahisi.

Tanga letu la pembe tatu halipunguzwi kwa kukunjwa kidogo kidogo. Kawaida ni kuliteremsha, au kubadilisha kwa tanga dogo. Kazi hiyo hufanywa kabla, si wakati wa dhoruba. Nahodha anayeteremsha tanga mapema mno mpeni heshima yake.

Dhoruba ikitukuta, abiria afanye nini?

Akae chini, kabisa chini, mahali alipoambiwa. Asisimame kupiga picha. Akiambiwa ahamie upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ahamie haraka na bila kurukaruka, maana uzito wa watu ndio unaokizuia chombo kisilale. Wakati wa kukisi, yaani kugeuza tanga lishike upepo upande wa pili, foromali linahamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti kwenda wa pili. Vichwa chini, na miguu isiwe ndani ya duara la kamba yoyote. Demani, ile kamba inayoshika tanga, isifungwe fundo la kudumu. Aishikaye awe tayari kuiachia. Kukiwa na radi, jitengeni na mlingoti na kamba zilizolowa.

Jaketi la kuokolea huvaliwa kabla ya haya yote. Kulivaa ndani ya mvua, chombo kikiyumba, ni jambo ambalo wengi hushindwa.

Chombo kikipinduka, shikeni chombo. Mbao huelea, na chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na mkondo hauonekani kabisa. Hesabianeni kwa majina.

Nani mwenye neno la mwisho, sisi tuliolipa au nahodha?

Nahodha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ninyi mna haki ya kuchagua mahali pa kulala, chakula, muda wa kuogelea na wapi mshuke. Kuhusu kutoka, kurudi, kuteremsha tanga na kutia nanga, mna haki ya kuuliza kwa adabu, basi.

Kuna upande mmoja tu ambao sauti ya abiria ni nzito kuliko ya nahodha: yeyote katika kundi akisema hataki kutoka, ikubalini. Nahodha akitaka kwenda na rafiki yenu mmoja anaogopa kweli, bakini. Mlizungumze hili kabla ya kulipa, mkiwa mmekaa barazani na kahawa, siyo gatini mizigo ikiwa imeshapakiwa. Na msimwahidi nahodha pesa za ziada ili mfike siku fulani. Pesa hizo humfanya apime hali ya hewa kwa jicho la mfuko.

Tuchague chombo vipi?

Nendeni mkakione maji yakiwa yamekupwa, kimekaa mchangani. Tazameni viungo vya mbao: kama pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi za mbao, inaning'inia, kinavuja. Ingieni ndani, mtazame ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Maji ya kufika kifundo cha mguu asubuhi, baada ya kufuliwa, yaani kutolewa, jana jioni, si kawaida. Tanga liwe na viraka vilivyoshonwa vizuri, hilo si aibu, lakini kamba ya henza ikiwa imechakaa kataeni. Ulizeni kama kuna tanga dogo la akiba, nanga mbili, upo wa kufulia maji na ndoo, tochi, na redio ya VHF. Chaneli ya 16 ndiyo ya dharura.

Jaketi za kuokolea zihesabiwe kwa watu, mabaharia wakiwemo, na kila mmoja avae lake hapo hapo aone kama linamfunga. Sheria za usafiri wa majini za Kenya zinazitaka, na hata zisingezitaka ningewaambia hivyo hivyo.

Bei hupatanwa kwa chombo kizima, si kwa kichwa. Muulizane waziwazi kama ndani yake kuna mafuta ya injini, chakula, na ada za hifadhi.

Injini ni lazima?

Ndiyo, kwa safari ya Kiwayu. Iwashwe mbele yenu kabla ya kuondoka, na mafuta yawe ya kutosha kurudi Lamu kutoka mahali pa mbali zaidi.

Upepo ukikata kabisa?

Shwari si hatari, ila huchosha. Tandeni turubai mpate kivuli, kunyweni maji, ogeleeni kwa zamu mkiwa na kamba, baharia mmoja akiwa macho. Penye maji machache mabaharia watapiga pondo, yaani watasukuma chombo kwa mti mrefu. Kwa kawaida upepo hurudi adhuhuri bara likishapata joto. Mkiwa Ghuba ya Manda, hata hivyo, msielee bila mpango: bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza tarehe 20 Mei 2021, na meli kubwa zinaingia kwa njia hiyo. Meli haiwezi kuwakwepa. Washeni injini mtoke njiani.

Nalevywa na bahari. Nibaki nyumbani?

Usibaki. Dawa ya kuzuia kichefuchefu inywe kabla ya kupanda, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kaa katikati ya chombo, karibu na mlingoti, ambako mtikisiko ni mdogo, na tazama mbali upeo wa bahari, usitazame simu. Kula mkate mkavu, tafuna tangawizi. Harufu ya mafuta ya injini huwamaliza wengi, kwa hiyo usikae tezini. Mwambie nahodha mapema. Njia ya ndani, nyuma ya Pate, ina mawimbi madogo sana, na ataichagua kwa ajili yako.

Asiyejua kuogelea je?

Aende, akiwa amevaa jaketi tangu gatini mpaka gatini.

Tutakula nini, na maji kiasi gani?

Maji ya kunywa, lita nne kwa mtu kwa siku, na siku ya akiba ihesabiwe. Yasiwekwe kwenye pipa moja. Pipa likipasuka mmekwisha. Visiwani maji matamu ni ya taabu, si haki kwenda kuwamalizia wenyeji ya kwao.

Chakula cha chomboni ni starehe ya peke yake. Jiko la makaa hukaa ndani ya sanduku la mchanga, na wali wa nazi na samaki wa kupaka hupikwa humo hata chombo kikiwa kinakwenda, ikiwa bahari imetulia. Asubuhi mahamri mliyonunua Lamu, tende, na kahawa ya tangawizi. Kizingitini, upande wa mashariki wa Pate, ni kijiji cha wavuvi maarufu kwa kambamawe, na ukifika wakati mashua zinarudi utanunua wakiwa hai. Siku za mawimbi jiko haliwashwi kabisa, kwa hiyo kila siku muwe na chakula kimoja kisichohitaji moto.

Choo na kulala, hasa kwa akina dada?

Jahazi kubwa lina kichumba cha choo tezini. Mashua nyingi hazina, mnashuka pwani, kwa hiyo pangeni vituo na mseme mapema bila haya. Kulala ni juu ya mikeka chomboni, mchangani, au kwenye nyumba za wageni vijijini. Mkilala chomboni, ulizeni maji yatapwa saa ngapi. Chombo kikikaa mchangani usiku huinama, na wote mtajikuta upande mmoja. Chandarua ni lazima.

Tushuke wapi njiani?

Takwa, kwenye Manda, ni mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, na unafikiwa kwa mkono wa bahari wa mikoko ambao nao unataka maji ya kujaa. Ukikawia ndani ya msikiti wake, chombo kitakaa matopeni.

Pate mji, ule wenyewe wa Wanabahani, masultani wake wa zamani, unafikika kwa chombo maji yakijaa tu; wakati mwingine mnatia nanga Mtangawanda, gati la kisiwa, na kwenda kwa miguu au pikipiki. Watu wanalima tumbaku ndani ya magofu. Siyu ina ngome na mafundi wa ngozi. Shanga, upande wa kusini wa kisiwa, ndiko wanaakiolojia walikofukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Ningekuwa na siku moja tu Pate ningeitumia hapo. Faza na Ndau ni vituo vizuri vya kulala kabla ya Kiwayu.

Kiwayu yenyewe ni kisiwa chembamba, upande mmoja mikoko, upande wa pili mchanga na bahari kuu. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na ada hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Msiguse matumbawe, msitie nanga juu yake, na usiku msimulike kasa wanaopanda kutaga.

Vijiji hivi vyote ni vya Kiislamu na vya watu wenye staha. Nguo za kuogelea zibaki chomboni. Salimieni kabla ya kuuliza njia, ombeni ruhusa kabla ya picha, na mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana.

Usalama ukoje?

Sehemu za mashariki za kaunti ya Lamu ziko karibu na mpaka wa Somalia, na hali hubadilika. Kabla ya kupita Pate kwenda Ndau na Kiwayu, ulizeni polisi au Walinzi wa Pwani wa Kenya wiki ileile ya safari. Amri za kutosafiri usiku huwekwa na kuondolewa, kwa hiyo msitegemee aliyekwenda mwaka jana. Beba kitambulisho au pasipoti. Wakisema msipite Faza, safari ya Manda na Pate inatosha kabisa kujaza siku nne.

Tumwachie nani habari zetu?

Mtu mmoja Lamu na mmoja nyumbani. Waandikieni jina la chombo, rangi yake, namba ya usajili, jina la nahodha, idadi ya watu, vituo vya kila usiku, na saa ambayo wasipowasikia waanze kuulizia. Mtandao wa simu hukatika sehemu nyingi za visiwa, basi saa hiyo iwe na nafasi. Kituo cha Mombasa cha kuratibu uokoaji baharini, chini ya mamlaka ya usafiri wa majini, ndicho hupokea taarifa za chombo kilichopotea. Vikundi vya wavuvi vya kila ufuo ndivyo mara nyingi hufika kwanza.

Nahodha amesema leo hatutoki, nasi tumeshalipa. Tufanye nini kutwa nzima?

Nendeni Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kwa miguu au kwa punda. Mafundi wanaunda na kutengeneza vyombo ufukweni, na hakuna mahali bora pa kuelewa kitu mtakacholalia kesho: mkuku ulio uti wa chombo, mataruma yaliyo mbavu zake, pamba inavyosukumwa kwa tindo kwenye viungo. Waulizeni wanavyofanya kazi, nao watawaonyesha. Au bakini mjini, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, mtembee vichochoroni mvua ikinyesha. Jioni mrudi gatini mkamtazame nahodha anavyosoma anga kwa ajili ya kesho, na mumuulize atataka mpande saa ngapi.